Sura ya Sita: Tundu la Kuingilia, Tundu la Kutokea

Risasi ikipita mwilini huacha matundu mawili, na mara nyingi hayafanani. La kuingilia huwa dogo, la mviringo, kingo zake zimebonyea kwa ndani. La kutokea aghalabu huwa kubwa zaidi, limechanika ovyo, nyama imefumuka kwa nje. Muuguzi wa zamu anaweza kuyaeleza yote mawili kwa mistari miwili ya kalamu. Anaweza pia kuandika neno moja tu, "jeraha", akafunga bendeji na kumwita mgonjwa anayefuata. Katika mistari hiyo miwili ndimo linamokaa swali ambalo watu waliovaa majoho watakuja kulibishania miaka mingi baadaye: kijana huyu alipigwa akija au akikimbia? Tundu dogo likiwa mgongoni, maelezo kwamba alikuwa anamvamia askari kwa panga yanaanza kuyumba. Likiwa kifuani, wakili wake ana mlima wa kupanda. Na pasipokuwa na maandishi kabisa, kidonda kikapona, ngozi ikashikana, kila upande utalisomea kovu maneno yake.

Vijana wanaotaka kuingia katika uwakili wa majeruhi huniuliza kwanza habari za kusema: jinsi ya kumhoji shahidi mpaka akajikanyaga, jinsi ya kumgeuza jaji kwa hoja ya mwisho. Mimi huwaeleza habari za karatasi. Na ninapotaka waelewe kwa nini, nawapeleka Matongo.

Matongo iko wilayani Tarime, upande wa kaskazini wa Mto Mara. Ukivuka mto unaingia Serengeti, na mpaka wa Kenya hauko mbali, kilomita zipatazo 20. Wenyeji walichimba dhahabu hapa kwa mikono kabla kampuni kubwa hazijafika. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, ukaenda mikononi mwa Placer Dome, na mwaka 2006 Barrick Gold ya Toronto ikainunua Placer Dome na migodi yake. Mwaka 2010 Barrick ikaanzisha African Barrick Gold na kuiorodhesha kwenye Soko la Hisa la London. Mwaka 2014 kampuni hiyo ikabadili jina ikawa Acacia. Mwaka 2019 Barrick ikazirudisha kwake hisa zote za Acacia, na baada ya hapo ikaundwa kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ya Tanzania ina asilimia 16. Msomaji asiyaruke majina haya akidhani ni habari za wafanyabiashara. Ndiyo yaliyoamua mtu wa Matongo aliyepigwa risasi afungue kesi bara gani.

Mashimo ya mgodi yanaitwa Nyabirama, Nyabigena na Gokona. Kando yake kuna vilima vya kifusi, na kando ya vilima kuna nyumba za watu, mashamba ya mihogo, njia za ng'ombe, shule. Katika kifusi hubaki mawe yenye chembe za dhahabu ambazo mgodi umeona hazilipi gharama ya kuzisaga, lakini zinamlipa kijana mwenye nyundo na karai. Vijana huingia kuyaokota. Neno la Kiingereza la kumwita mtu aliyeingia pasipo ruhusa limezoeleka Nyamongo nzima, eneo hili la mgodi, mpaka limekuwa la kwetu: intruda. Mama anaweza kukuambia kwamba mwanawe ni intruda kama mwingine anavyosema wake ni fundi seremala. Wanaowazuia ni walinzi wa mgodi pamoja na askari wa Jeshi la Polisi, ambao mgodi una makubaliano nao ya ulinzi. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwapiga risasi watu mgodini hapo na watano wakafa. Kampuni ilisema mamia ya watu walivamia wakiwa na mapanga, nyundo na mawe. Familia zilisema ndugu zao walifuata kifusi. Mwezi huohuo kampuni yenyewe ilitangaza kwamba inachunguza madai ya wanawake waliosema walidhalilishwa kingono na askari na walinzi. Mwaka 2016 uchunguzi wa serikali ulipokea taarifa za watu 65 waliouawa na 270 waliojeruhiwa kwa miaka yote. Ni taarifa zilizopokelewa, hazikupimwa moja moja mahakamani. Kazi ya wakili huanza hapo, kwenye kuzipima moja moja.

Sasa mfikirie mmoja wa hao 270, wa kubuni, tumwite tu kijana. Ana miaka 24, risasi imempita pajani na kuvunja mfupa. Ndugu zake wamembeba kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya. Swali la kwanza analoulizwa ni: "PF3 iko wapi?"

Hakuna Mtanzania asiyeijua fomu hiyo, Fomu Namba 3 ya Polisi. Aliyepigwa, aliyegongwa na gari, aliyechomwa kisu, kwa mazoea ya hospitali nyingi anatakiwa afike nayo, na daktari aijaze: jeraha liko wapi, ukubwa wake, limetokana na kitu gani. Ni karatasi yenye busara yake. Humkutanisha daktari na mpelelezi katika ukurasa mmoja, na katika kesi za kawaida za ajali huwa ndiyo nguzo ya madai yote. Lakini fomu hutolewa kituo cha polisi. Kijana wetu amepigwa risasi na polisi, katika eneo ambalo kuingia kwake ni kosa, na sasa ndugu zake waende kwa polisi kuomba karatasi ya kuthibitisha kwamba polisi wamempiga. Wengine huenda. Wengine huona kwamba kwenda ni kujipeleka mahabusu, wakamrudisha nyumbani na kumsafisha kidonda kwa maji ya chumvi, au wakavuka mpaka kutafuta matibabu Kenya. Kila njia kati ya hizo huacha alama yake kwenye faili, na iliyo mbaya kuliko zote ni ile isiyoacha alama yoyote.

Faili langu la kwanza la majeruhi lilikufa hivyo, ingawa halikuwa la mgodi. Mama muuza ndizi alikanyagwa mguu na basi lililorudi nyuma bila kuangalia. Mashahidi walikuwapo sita, dereva alikiri barabarani mbele ya watu. Nilikuwa na hakika ya kushinda. Nilikwenda hospitali aliyotibiwa kuomba jalada lake, nikaambiwa nije Jumatatu, nikaja Jumatatu, nikaambiwa mtunza kumbukumbu yuko likizo. Nilipokwenda mara ya tano jalada halikuonekana. Picha ya eksirei alikuwa amepewa yeye mwenyewe, akaitundika ukutani karibu na jiko, moshi ukaila. Mwenye basi akaleta daktari wake aliyesema mguu ule ulikuwa na ugonjwa wa mifupa wa siku nyingi. Sikuwa na kitu cha kumjibu. Tangu siku hiyo mteja wangu akiingia mlangoni simuulizi nini kimetokea mpaka nimwulize kwanza alitibiwa wapi, na tarehe ngapi.

Huko Uingereza, ambako sheria yetu ya madhara imetoka, kazi hii hufanywa na watu wawili. Solisita humpokea mteja, hukusanya karatasi, huandika barua. Barista huletewa faili likiwa tayari, akashauri kama kuna kesi, akasimama mbele ya jaji. Kuna mabarista ambao maisha yao yote ya kazi hayakutoka nje ya mambo mawili: uzembe wa matibabu na majeraha ya mwili. Wanaijua mifupa ya nyonga kama fundi anavyoijua injini. Tanzania hatukugawanya. Wakili ni mmoja, jina lake likiwa kwenye Daftari la Mawakili anaweza kumfuata shahidi shambani asubuhi na kusimama Mahakama Kuu mchana. Naupenda utaratibu wetu. Anayekaa ofisini London husoma kwamba shahidi aliona "kutoka umbali mfupi". Aliyekwenda mwenyewe anajua kwamba kati ya shahidi na tukio kulikuwa na kichuguu.

Lakini kwanza, je, intruda ana haki yoyote ya kudai? Watu wengi, wasomi pia, hujibu hapana kabla hujamaliza swali. Aliingia kwenye mali ya watu, alifuata cha wenyewe, yaliyompata ayameze. Jibu hilo lina historia, na historia yake imeanzia mgodini. Mwaka 1929 Mabwana wa Bunge la London, wakikaa kama mahakama ya juu kabisa, waliamua shauri la Robert Addie dhidi ya Dumbreck, lililotoka Uskoti. Mtoto wa miaka minne hivi alisagwa na gurudumu la kuvutia mabehewa kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Uwanja ule ulikuwa na ua wenye mapengo, watu walipita kila siku, watoto walicheza, mgodi ulijua. Majaji walisema mtoto alikuwa mvamizi, na mwenye mali hana wajibu kwa mvamizi isipokuwa asimdhuru kwa makusudi au kwa kutojali kabisa. Baba alirudi mikono mitupu.

Ilichukua miaka 43. Mwaka 1972, katika shauri la Herrington dhidi ya Shirika la Reli la Uingereza, mtoto wa miaka sita alikuwa amepita kwenye uzio uliobomoka akaungua kwenye reli yenye umeme. Mara hii majaji waliukataa ugumu wa 1929. Walisema mwenye mali anayejua kwamba watu huingia, na anayejua hatari iliyopo, anawajibika kwao kwa kiwango cha ubinadamu wa kawaida. Mvamizi akabaki mvamizi, na bado ni mtu.

Mashauri haya mawili hayafungi mahakama zetu. Sheria yetu inapokea mila za sheria ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920; yaliyoamuliwa baadaye husomwa kwa heshima, jaji akashawishika au asishawishike. Na kwa kijana wa Matongo hoja ina nguvu hata zaidi, kwa sababu yeye hakuumizwa na gurudumu lililosahauliwa. Kuna mtu aliyelenga. Hata kwa kanuni kali ya 1929 mwenye mali hakuruhusiwa kumdhuru mvamizi makusudi. Kisha kuna Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990, zinazomwambia askari kwamba silaha ya moto ni ya kuokoa uhai ulio hatarini. Jiwe lenye chembe ya dhahabu haliingii hapo. Kwa hiyo kesi inarudi palepale pa mwanzo: alikuwa anashambulia au anakimbia? Tundu dogo liko upande gani?

Mwezi Julai 2013, kwa niaba ya majeruhi na ndugu wa waliokufa, kampuni ya mawakili ya Leigh Day ilifungua madai Mahakama Kuu ya London dhidi ya African Barrick Gold na kampuni tanzu yake ya North Mara. Wengi hapa nyumbani walishangaa. Jambo limetokea Tarime, aliyepiga ni askari wa Tanzania, London inahusikaje?

Inahusika kwa sababu ya yale majina ya kampuni. African Barrick Gold ilikuwa imesajiliwa Uingereza, na kwa kanuni za Ulaya zilizokuwa zikiifunga Uingereza wakati huo, mtu akishitakiwa nyumbani kwake mahakama ya nyumbani kwake haiwezi kumwambia mdai nenda kwingine. Mlango ulikuwa wazi kwa haki. Kazi ngumu ilikuwa kuonyesha kwamba kampuni mama, mbali na kumiliki hisa, ilikuwa na wajibu wake yenyewe kwa watu wa kule inakochimba. Hoja hiyo ilikuwa imeanza kukomaa kwenye mashauri ya wachimbaji wa asbesto wa Afrika Kusini dhidi ya Cape, na ilikuja kupata nguvu kamili Aprili 2019, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipowaruhusu wanakijiji wa Chingola, Zambia, kuishitaki Vedanta London kwa maji yao yaliyochafuliwa.

Mawakili wa Leigh Day hawakuwa wageni Afrika Mashariki. Mwaka 2002 waliwapatia Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 fidia kutoka Wizara ya Ulinzi ya Uingereza kwa mabomu yaliyoachwa kwenye malisho yao. Mwezi Juni 2013, mwezi mmoja kabla ya madai ya North Mara, serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau pauni milioni 19.9. Kesi hiyo ya wazee ndiyo ninayoipenda kuwasomesha vijana, kwa sababu ilikuwa imechelewa nusu karne. Sheria ya Uingereza humpa majeruhi miaka 3, kama sheria yetu ya ukomo inavyompa miaka 3 anayedai kwa madhara. Jaji McCombe aliwaruhusu waendelee mwaka 2012, na sababu kubwa ilikuwa karatasi: mafaili ya wakoloni yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza, yalikuwa yamefichuliwa, na ndani yake maofisa walikuwa wameandika wenyewe waliyoyajua. Kisha kundi jingine kubwa zaidi, watu zaidi ya 40,000, likaja na madai ya nyakati zilezile. Mwaka 2018 mahakama iliyakataa. Muda ulikuwa umepita mno, mashahidi wamekufa, na kwa maumivu ya mtu mmoja mmoja karatasi za kutosha hazikupatikana. Mateso yalikuwa ya aina moja. Waliotofautiana ni wale ambao maisha yao yaliandikwa na wale ambao hayakuandikwa.

Kuna jambo lililowaponyoka watu wengi waliosikia neno "London" wakaanza kuhesabu pauni. Tangu Januari 2009 mahakama za huko zilitakiwa, kwa madhara yaliyotokea nchi nyingine, kutumia sheria ya nchi yalikotokea. Jaji wa London asingepima risasi ya Matongo kwa sheria ya Uingereza. Angeletewa mtaalamu wa sheria ya Tanzania amweleze. Hata kiasi cha fidia kingefuata sheria yetu. Mdai alipata London mahakama, mawakili wenye uwezo wa kuisimamia kesi dhidi ya kampuni kubwa, na kanuni kali za kulazimisha kila upande utoe nyaraka zake. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Kampuni inapolazimika kutoa daftari la ulinzi, ripoti za usiku wa tukio, mawasiliano ya redio, kijana asiye na PF3 anaanza kupata mashahidi asiowategemea, walioandika kwa mkono wa mdaiwa.

Kesi haikufika huko. Mwanzoni mwa 2015 pande zote zilitangaza kwamba zimepatana nje ya mahakama, na masharti yakabaki siri. Mgodi haukukiri kosa. Wakili wa majeruhi ajue kwamba kesi nyingi atakazozibeba zitaishia hivi, na asione aibu. Mteja mwenye mguu uliokufa hahitaji kanuni mpya ya sheria, anahitaji pesa kabla ada ya shule haijafika. Lakini kwa Matongo kama mahali, hasara ilikuwapo. Hakuna jaji aliyesema kwa sauti ni nini kilitokea usiku gani. Na kwa wengine mambo yalikwenda vibaya zaidi: mgodi ulikuwa na utaratibu wake wa kupokea malalamiko, na mashirika ya utetezi ya RAID na MiningWatch yalieleza kwamba baadhi ya majeruhi walitiliwa mbele karatasi za kuachia haki ya kushitaki kabla hawajapata ushauri wa wakili. Mtu ambaye hakupewa karatasi aliyoihitaji alipewa ya kutia dole gumba.

Upande wa pili wa kazi yetu, uzembe wa matibabu, una njia zake, lakini unakutana na huu kwenye meza ileile ya muuguzi. Watanzania wenye umri wa kukumbuka wanaukumbuka mwaka 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walipobadilishwa. Mmoja alikuwa na tatizo la kichwa, mwingine la goti. Wa goti alipasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu, na huyu wa pili alifariki baadaye. Kosa kama lile halihitaji barista wa miaka 30, linajieleza. Mengi hayajielezi. Kijana wetu wa Matongo mfupa wake umeunganishwa vibaya, mguu mmoja umekuwa mfupi. Ni kazi ya risasi au ya chuma kilichofungwa kombo? Kipimo maarufu kilitolewa London mwaka 1957, katika kesi ya Bolam, mgonjwa wa akili aliyevunjika nyonga akipigwa shoti za umeme bila kupewa dawa ya kulegeza misuli. Daktari hana kosa akifanya kile ambacho kundi la madaktari wenye weledi wangekubali. Mwaka 1997, katika Bolitho, majaji wakaongeza kwamba kauli ya kundi hilo lazima iwe na mantiki. Kipimo hicho hakivumiliki mpaka uketi kitako na daktari mwenyewe akakwambia alipoyafanya aliyoyafanya alikuwa na vifaa gani, wagonjwa wangapi, saa ngapi za usiku. Nimeacha kufungua mashauri kadhaa baada ya mazungumzo ya namna hiyo, na sijutii. Mkosaji katika hayo alikuwa umaskini wa wodi, na hati ya madai haina mahali pa kumwandika.

Tuje kwenye kuhesabu, jambo ambalo watu wema hulionea haya. Mguu unauzwaje? Nchini Uingereza kuna kitabu cha mwongozo wa majaji, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1992, kinachopanga maungo ya mwili na viwango vyake, kidole kwa kidole. Kwa mapato ya baadaye kuna majedwali ya Ogden, ya tangu 1984. Hapa kwetu jaji hutoa fidia mahususi kwa hasara iliyothibitishwa kwa risiti, na fidia ya jumla kwa maumivu na maisha yaliyopinda, kwa busara yake. Akitaka kupima kipato kilichopotea huchukua kipato cha mwaka na kukizidisha kwa miaka inayofaa, akipunguza kwa kuwa pesa inatolewa yote kwa mkupuo na maisha yana yake. Kijana aliyekuwa akipata shilingi 200,000 kwa mwezi amepoteza 2,400,000 kwa mwaka. Kwa kizidisho cha 15 ni milioni 36. Msomi wa upande wa pili anasimama: "Mheshimiwa Jaji, kipato hicho kilitokana na mawe ya wizi." Hapo ndipo wakili mvivu hukwama. Aliyejiandaa anakuwa na mwenyekiti wa kitongoji wa kueleza kwamba kijana alilima pia ekari mbili, alichunga ng'ombe wa baba yake, alifyatua matofali wakati wa kiangazi. Mguu aliopoteza ulikuwa wa kazi zote hizo.

Aliyeajiriwa na mgodi, akiangukiwa na jiwe shimoni, anao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015. Halazimiki kuthibitisha uzembe wa yeyote. Inatosha kwamba ameumia kazini. Kaka yake aliye upande wa pili wa ukuta hana mfuko. Ana kesi tu, kama anayo.

Na mahali pa kuifungua pamezidi kusogea. Mwaka 2020 wadai wengine walikwenda tena London, lakini Acacia ilikuwa imekwisha kumezwa na Barrick, na mwishoni mwa mwaka huo Uingereza iliachana na zile kanuni za Ulaya. Novemba 2022 watu 21 wakafungua madai Ontario, Kanada, nyumbani kwa kampuni mama. Barrick ilijibu kwamba polisi ni wa dola ya Tanzania na haiwaamuru. Novemba 2024 Jaji Morgan wa Mahakama Kuu ya Ontario aliyaondoa madai hayo mbele yake, kwa maelezo kwamba mahali panapostahili kusikiliza ni Tanzania.

Basi turudi nyumbani. Aliyepigwa na askari akitaka kuishitaki serikali hutoa kwanza notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Kwa watu wa Tarime, Mahakama Kuu iko Musoma. Mahakama hiyo ya Musoma imo katika historia ya lugha yetu: Jaji Zephrine Galeba, akiwa hapo, aliandika uamuzi kwa Kiswahili katika shauri ambalo mmoja wa wadaawa alikuwa mgodi wa North Mara, na Siku ya Sheria, tarehe 1 Februari 2021 jijini Dodoma, Rais Magufuli alitangaza kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Kabla ya hapo maneno ya shahidi wa Matongo yalisafiri mbali. Alisema kwa Kikurya, mkalimani akayageuza Kiswahili, hakimu akayaandika Kiingereza. Kwenye iritongo, baraza la wanaukoo, asingehitaji hata maneno: angevua shati, wazee wakaona, na waliombeba siku ile wangesimama wakasema. Mahakamani shati halivuliwi, na kumbukumbu haina macho. Shahidi akiulizwa risasi ilimpata wapi, hujibu "hapa", huku mkono ukienda nyuma, na mwandishi huandika "hapa". Miaka minne baadaye majaji watatu wa rufani watasoma neno hilo na hawatajua ni wapi.

Kwa hiyo hapo ndipo ninapowafundisha kusimama, kabla swali la pili halijaulizwa: "Mheshimiwa Jaji, naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba shahidi amegusa mgongo wake, upande wa kushoto, chini ya bega."